Vijana Wetu na Kazi ya Ushauri wa Uendelevu

Ijumaa moja, baada ya sala, alitujia mzee mmoja wa Tanga, mtu wa heshima zake, akiwa na bahasha kubwa mkononi. Ndani yake mlikuwa na karatasi za chuo kikuu kimoja cha Ulaya, zenye picha za majengo mazuri na vijana wachekao, na katika ukurasa wa mwisho palikuwa na hesabu ya karo. Binti yake alikuwa amekwisha kupata shahada ya kwanza ya sayansi ya mazingira hapa Tanzania, na sasa alitaka kwenda kusoma shahada ya pili. Wala si ya mazingira tena, bali ya uongozi wa biashara. Mzee alikuwa na kiwanja cha urithi, na mnunuzi alikwisha patikana. Akatuuliza: "Maalim, mtoto huyu asema akirudi atakuwa mshauri wa makampuni kwa mambo ya mazingira. Mimi nijuavyo, mazingira ni kupanda miti na kufagia. Sasa uongozi wa biashara waingiaje hapo, hata niuze kiwanja?"

Hatukumjibu siku ile. Tulimwomba atupe muda, tukasoma, tukauliza kwa wajuao. Na haya tuyaandikayo ndiyo tuliyompelekea, pamoja na machache tuliyoyazidisha kwa ajili ya wazazi wengine, kwani twajua kuwa si yeye peke yake mwenye bahasha kama ile.

Na tuanze na neno lenyewe. Uendelevu ni neno geni kidogo masikioni, lakini maana yake si ngumu: ni kutumia leo kwa namna ambayo haitawanyima watakaokuja kesho. Maana hiyo ilienea duniani mwaka 1987, ilipotoka ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway, na makamu wake katika tume hiyo alikuwa Dkt. Mansour Khalid wa Sudan. Tumelitaja jina la Dkt. Mansour kwa makusudi, kwani wako wadhanio kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Hata lile shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, lililoanzishwa mwaka 1972, makao yake makuu yako Nairobi. Na tangu 1975 hata 1992 mkuu wake alikuwa Mmisri, Dkt. Mostafa Kamal Tolba.

Kwa miaka mingi makampuni yaliyachukua mambo haya kama sadaka. Kampuni ikipata faida hupanda miti mia, hupiga picha, na picha hutiwa katika kalenda ya mwaka mpya. Kazi kama hiyo haikuhitaji mshauri. Ilihitaji mpiga picha. Lililobadilika ni kwamba wenye fedha na wenye sheria walianza kuuliza maswali. Mwaka 2001 ilitoka kanuni ya kimataifa ya kuhesabu gesi zinazoongeza joto la dunia, ambayo makampuni mengi ndiyo wanayoifuata mpaka leo. Novemba 2021 Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa namna makampuni yaliyoorodheshwa humo yatakavyoeleza mambo yao ya mazingira, ya watu na ya utawala. Benki Kuu ya Kenya ilikwisha kuyaandikia mabenki mwezi mmoja kabla ya hapo juu ya hasara zitokanazo na mabadiliko ya tabianchi, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa miongozo yake mwaka 2022. Kisha Juni 2023 vikatoka vipimo viwili vya kimataifa vya kutolea hesabu hizo, vilivyotungwa chini ya taasisi ile ile itungayo vipimo vya uhasibu wa kawaida. Na Kenya imepanga makampuni yagusayo maslahi ya umma yaanze kuvifuata mwaka 2027.

Wala jambo hili haliwahusu wakubwa wa mijini tu. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao na bidhaa nyingine kadha wa kadha zisiingie katika nchi zake ikiwa zimelimwa katika ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Sheria hiyo yataka kila shamba lijulikane mahali pake kwenye ramani: shamba dogo kwa nukta moja, na lipitalo hekta 4 kwa mpaka wake mzima. Kuanza kwake kumeahirishwa mara mbili, mwaka 2024 na tena 2025, lakini mnunuzi wa kahawa wa Ujerumani hakungoja. Alikwisha anza kuuliza. Sasa fikiri chama cha ushirika cha Kagera chenye wakulima maelfu, kila mmoja na kihamba chake nyuma ya migomba. Nani atakwenda kuchukua nukta hizo? Nani atalipa? Karatasi zitakaa wapi, na mkulima ambaye jina la shamba bado ni la marehemu babu yake ataandikwaje? Hayo si maswali ya mtaalamu wa miti. Ni maswali ya uendeshaji, ya gharama na ya kupanga watu. Na hapa ndipo binti wa mzee wetu aingiapo.

Ili jambo lionekane vema, tuchukue hoteli moja ya pwani, ya kubuni tu. Umeme hukatika mara kwa mara, basi hoteli ina jenereta linywalo lita 3,000 za dizeli kila mwezi, yaani lita 36,000 kwa mwaka. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa hewa ukaa kilo 2.68 hivi. Msomaji asistaajabu kuwa lita ambayo haifiki hata kilo moja kwa uzito yatoa kilo mbili na zaidi. Kaboni iliyomo katika mafuta huungana na oksijeni ya hewani wakati wa kuungua, na uzito wa oksijeni hiyo huhesabiwa pamoja. Basi kwa mwaka jenereta hili hutoa kilo 96,480, au tani 96 na nusu.

Mtaalamu wa mazingira akimpelekea mwenye hoteli hesabu hiyo peke yake, ataambiwa ahsante na karatasi itawekwa chini ya kikombe cha chai. Tani 96 za kitu kisichoonekana hazimwambii neno mtu ambaye mwisho wa mwezi ana mishahara ya kulipa. Lakini tuseme dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita, na kwamba mitambo ya umeme wa jua ikiwekwa juu ya paa itapunguza thuluthi moja ya dizeli yote. Zitaokolewa lita 12,000, ambazo ni shilingi 36,000,000 kwa mwaka. Ikiwa mitambo pamoja na ufundi ni shilingi 144,000,000, fedha hiyo itarudi kwa miaka 4. Hapo mwenye hoteli atavuta kiti. Ataanza kuuliza: betri hufa baada ya miaka mingapi? Je, msimu wa mvua? Nikichukua fedha hii nikajengea vyumba sita zaidi, si itarudi mapema kuliko miaka 4? Na swali hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwani ni la haki, na mtu asiyesoma hesabu za biashara hawezi kulijibu ila kwa kurudia kwamba dunia ina joto.

Shahada ya uongozi wa biashara yafundisha kulijibu. Humo mwanafunzi husoma uhasibu, fedha, takwimu, uendeshaji wa kazi, masoko, na namna watu wanavyoenenda wakiwa kazini. Hujifunza kusoma mizania ya kampuni kama mwingine asomavyo gazeti, na kujua kwa nini mkuu wa fedha anakataa jambo ambalo mkuu wa ufundi analipenda. Aghlabu hufundishwa kwa visa: wanafunzi hupewa habari ya kampuni fulani na tatizo lake, wakaambiwa waamue, kisha waitetee hukumu yao mbele ya wenzao. Mtu aliyefanya hivyo mara hamsini huwa hatetemeki sana mbele ya baraza la wakurugenzi.

Yafaa mzazi ajue kuwa shahada hizi ni za namna mbili, kwani wengi huzichanganya. Iko ile iitwayo MBA, ambayo Harvard ya Marekani ilianza kuitoa mwaka 1908. Hiyo ni ya watu waliokwisha fanya kazi miaka kadhaa. Na iko ile ya uzamili wa menejimenti, iliyostawi zaidi katika nchi za Ulaya, ambayo humpokea kijana aliyetoka katika shahada ya kwanza, hata awe alisoma kilimo au historia. Binti wa mzee alikuwa ameandikiwa hii ya pili. Katika baadhi ya vyuo siku hizi mambo ya tabianchi yamechanganywa na masomo ya biashara tangu mwanzo. Imperial College ya London, mathalan, ina shahada iunganishayo mabadiliko ya tabianchi, menejimenti na fedha. Na katika CEMS, umoja wa vyuo vya biashara ulioanza mwaka 1988, kila mwanafunzi sharti afanye kazi ya ushauri katika kampuni halisi kabla ya kumaliza. Kazi kama hiyo ina thamani kuliko alama za mtihani, kwani mara nyingi ndiyo mlango wa ajira ya kwanza: kampuni iliyomwona kijana akifanya kazi miezi mitatu haina haja ya kumuuliza maswali mengi.

Waajiri wenyewe ni wa aina mbalimbali. Yako yale makampuni manne makubwa ya ukaguzi wa hesabu, Deloitte, PwC, EY na KPMG, ambayo yana ofisi Nairobi na Dar es Salaam. Yako ya wataalamu wa mazingira khasa, kama ERM, iliyoanza mwaka 1971. Na wako washauri wadogo wadogo, mtu na wenzake watatu katika chumba kimoja. Wengine hawaajiriwi na washauri kamwe, bali na benki au kiwanda ambacho kimechoka kuwalipa washauri.

Tusiishie hapo, maana tukiishia hapo tutakuwa tumefanya kazi ya zile karatasi za bahasha. Kuna jambo ambalo shahada hii haiwezi kumpa mtu, nalo turudi katika hoteli yetu kulionyesha. Katika hesabu yetu tulitaja dizeli, kwa sababu dizeli ina ankara na mhasibu anaijua. Lakini hoteli ina viyoyozi vya vyumba arubaini, na kila baada ya miezi michache huja fundi "kujaza gesi". Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama dizeli. Huzunguka ndani ya mabomba yale yale miaka yote. Ikipungua, basi imevuja. Na gesi iitwayo R-410A, iliyo ndani ya viyoyozi vingi, kilo moja yake ikitoka hewani huongeza joto takriban mara 2,000 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Fundi akijaza kilo 10 kwa mwaka, hoteli imetoa sawasawa na tani 20, kama kwamba imechoma dizeli nyingine karibu lita 7,500. Na dawa yake si mitambo ya mamilioni. Ni kuziba bomba. Gesi za namna hii ndizo nchi za dunia zilizokubaliana kuzipunguza, katika mkutano wa Kigali, Rwanda, Oktoba 2016.

Basi mshauri ataijuaje habari hii? Haimo katika mizania. Imo katika vijikaratasi vya fundi, vilivyochomekwa katika msumari ukutani karibu na jiko, na imo katika kichwa cha fundi mwenyewe, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza. Kijana aliyerudi kutoka Ulaya na suti yake akakaa na meneja tu, akanywa juisi, akaondoka, hesabu yake itakosa tani 20. Aliyetoka nje akamwamkia fundi, akapanda naye juu ya paa, ataipata. Hakuna shahada ifundishayo kumwamkia fundi. Hilo hutoka nyumbani.

Kadhalika sheria ina mipaka yake. Hati ya tathmini ya athari kwa mazingira, ile itakiwayo kabla ya kujenga kiwanda au hoteli, haitiwi sahihi na kila mwenye shahada. Kenya wataalamu wa kazi hiyo hupewa leseni na NEMA, na Tanzania husajiliwa chini ya utaratibu wa NEMC. Mwenye shahada ya biashara peke yake atafanya kazi pamoja na wataalamu hao, wala hataweza kukaa mahali pao. Kwa sababu hii sisi twaona binti wa mzee, mwenye sayansi ya mazingira chini na biashara juu yake, ana bahati kuliko kijana mwenye biashara juu ya biashara. Na kijana aliyesoma uhasibu tangu mwanzo, yeye labda hahitaji shahada ya pili ya uongozi kabisa. Yamfaa zaidi ajifunze kanuni za kuhesabu gesi, ambazo zaweza kusomwa kwa miezi na kwa gharama ndogo.

Sasa tufike katika jambo lililotushughulisha kuliko karo. Mshauri wa uendelevu hulipwa na yule yule ambaye anamhesabu. Mwenye hoteli akitaka kuandika mlangoni kwamba hoteli yake haina madhara kwa hewa, ni yeye atakayelipa ada ya mshauri, na ni yeye atakayeamua kumwita tena mwakani au kumwita mwingine. Hata mkaguzi wa hesabu ana mtihani huu, lakini mkaguzi huhesabu fedha, na fedha iko benki. Mshauri wa uendelevu mara nyingine hutakiwa kuhesabu kitu ambacho hakikutokea.

Hili si fumbo. Mwaka 2011 ulianza mradi mkubwa wa kuhifadhi misitu kando ya ziwa Kariba, kaskazini mwa Zimbabwe, katika eneo la karibu hekta 785,000. Kampuni ya ushauri ya Uswisi, South Pole, ilishiriki kuuunda na kuuza hati zake. Utaratibu ulikuwa hivi: hukisiwa miti ingekatwa kiasi gani lau mradi usingalikuwapo, kisha hutazamwa imekatwa kiasi gani, na ile tofauti huuzwa kwa makampuni ya ng'ambo yatakayo kufidia moshi wao. Gucci na Volkswagen walikuwa miongoni mwa wanunuzi. Kila kitu kilisimama juu ya kisio la mwanzo. Kisio likiwa kubwa, hati huwa nyingi, na fedha huwa nyingi. Na hakuna mti hata mmoja utakaosimama kutoa ushahidi kwamba haukukusudiwa kukatwa. Miaka ikapita, misitu jirani isiyokuwa na mradi ikatazamwa, ikadhihirika kuwa ukataji wenyewe ulikuwa mdogo sana kuliko ulivyotabiriwa. Oktoba 2023 South Pole ikavunja mkataba wa Kariba, na mwezi uliofuata mkuu wake akaondoka katika cheo chake. Waliofanya hesabu zile hawakuwa wajinga. Walikuwa na shahada nzuri.

Habari ya kampuni ya uwekezaji ya DWS ya Ujerumani yajulikana pia. Ilijisifu mbele ya wateja kwamba huzingatia uendelevu katika kila fedha iwekezayo. Bibi Desiree Fixler, aliyekuwa mkuu wake wa mambo hayo na aliyeondolewa kazini Machi 2021, alisema hadharani kuwa sivyo. Septemba 2023 DWS ilikubali kulipa dola milioni 19 kwa wasimamizi wa masoko ya mitaji wa Marekani kwa sababu ya maneno hayo, na mwaka 2025 ikatozwa Euro milioni 25 huko Frankfurt.

Na karibu nasi, Januari 2025 mahkama ya ardhi na mazingira ya Kenya iliamua kwamba hifadhi mbili za jamii katika kaunti ya Isiolo, nchi ya wafugaji ambao wengi wao ni Waborana, ndugu zetu, ziliundwa kinyume cha sheria, bila ya wananchi kushirikishwa ipasavyo. Moja ya hifadhi hizo ilikuwa ndani ya mradi wa kuuza hati za hewa ukaa kwa makampuni makubwa ya nje. Ukipima udongo ukapata kaboni yake sawasawa, lakini hukumuuliza mwenye ng'ombe, hesabu yako ina tundu. Twamtaka kijana wetu akumbuke hili siku atakapoletewa karatasi iliyoandikwa "wananchi wamekubali" na kuambiwa atie sahihi.

Tulimwambia mzee haya yote, naye akasema: "Kumbe kazi yenyewe ni ya ushahidi." Tukamwambia ndivyo.

Kuhusu ajira, hatupendi kumpa mtu matumaini ya uongo. Kazi hii hupanda na kushuka pamoja na sheria. Ulaya ilipopitisha mwaka 2022 sheria ya kuyalazimisha makampuni kutoa taarifa za uendelevu, makampuni ya ushauri yaliajiri kwa haraka. Na mwaka 2025 Ulaya hiyo hiyo ikaanza kurudi nyuma, na Aprili ya mwaka huo wale ambao zamu yao ilikuwa bado wakaahirishiwa miaka 2. Kijana aliyejua jina la sheria tu, na namna ya kujaza fomu zake, alijikuta hana la kufanya. Aliyejua kupunguza ankara ya dizeli hakuathirika, kwani dizeli haikuahirishwa.

Tuje katika fedha. Karo ya vyuo vya biashara vyenye jina, kule Uingereza na Ufaransa, ni makumi ya maelfu ya pauni na Euro, mbali na chakula na malazi. Mikopo ya masomo ya mabenki aghlabu ina riba, na msomaji wetu hahitaji kuambiwa na sisi hukumu yake. Lakini iko milango ambayo wazazi wengi hawaigongi kwa kutojua. Serikali ya Uingereza ina ufadhili uitwao Chevening, ulipao shahada ya mwaka mmoja; sharti lake ni mtu awe amefanya kazi si chini ya miaka 2, na baada ya masomo arudi kwao kukaa miaka 2; kwa MBA huweka kikomo cha karo watakayolipa. Ulaya ina Erasmus Mundus, ambapo mwanafunzi husoma katika nchi mbili au zaidi, na aliyepata ufadhili wake hulipiwa masomo na kupewa posho. Na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu, ya Jeddah, kwa miaka mingi imekuwa ikiwafadhili pia vijana wa jamii za Waislamu katika nchi ambazo si wanachama wake. Tumeona vijana wenye alama nzuri kabisa wakiyakosa haya kwa sababu moja tu: waliyasikia mwezi mmoja baada ya mlango kufungwa.

Wala kusoma karibu na nyumbani si aibu. Mzumbe, iliyoanza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa, leo ni chuo kikuu kitoacho shahada za uzamili za biashara. Iko ESAMI ya Arusha. Iko Strathmore ya Nairobi. Mwanafunzi wa hapa hukosa jina kubwa la chuo, nasi hatusemi kuwa jina si kitu, maana kuna waajiri waangaliao hilo kwanza. Lakini aweza kusoma jioni na kufanya kazi mchana, na visa avisomavyo vyaweza kuwa vya kiwanda cha chai au bandari aliyoiona kwa macho yake. Mwajiri wa hapa, akiwa na akili, atamuuliza kijana wa Ulaya swali hili: je, wajua umeme wa nchi hii watoka wapi? Maana uniti moja ya umeme wa Kenya, ambapo takriban sehemu tisa katika kumi hutoka katika mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua, si sawa na uniti moja ya Afrika Kusini itokayo katika makaa ya mawe. Na mwenye kunakili kiasi cha nchi nyingine katika hesabu zake ameharibu hesabu nzima.

Rai yetu kwa mzee ilikuwa kwamba asiuze kiwanja mwaka huu. Si kwa kuwa binti hastahili, bali kwa kuwa alikuwa hajawahi kufanya kazi hata siku moja, na mtu asiyepata kuona kampuni ikiendeshwa atalipa fedha nyingi ili aambiwe darasani mambo ambayo angeyaona bure. Afanye kazi kwanza miaka miwili, mahali popote penye ankara na mitambo, hata iwe kwa mshahara mdogo. Atatimiza sharti la ufadhili, na atakapoingia darasani atakuwa na maswali yake mwenyewe. Tulimwambia pia asimwoze kwa haraka kwa kuogopa miaka hiyo miwili, na kwa hili alitutazama kidogo, kisha akacheka.

Binti hakufurahi, twajua. Alituandikia barua fupi, yenye adabu, lakini hasira ilionekana kati ya mistari. Baadaye akapata kazi katika kiwanda kimoja cha kusindika matunda, katika chumba cha stoo, kazi ya kuandika kiingiacho na kitokacho. Barua yake ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Alisema kuwa kwa wiki tatu amekuwa akilinganisha dizeli iliyonunuliwa na dizeli iliyoingia katika jenereta, na kwamba hesabu mbili hizo hazikubaliani. Akatuuliza amwambie nani kwanza, meneja au mlinzi wa tangi. Tukamjibu aanze kwa kupima tangi mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa siku kumi, na aandike tarehe.